Kidude Kisichokula Umeme

Msinionee huruma, nichekeni tu. Nasomea uzamivu hapa Toronto, na kwa miaka mitatu nimekuwa nikibuni kidude cha silikoni, kidogo kuliko ukucha, kinachowasha na kuzima mwanga upesi ili kubeba data. Ijumaa nilipopima nilipiga kelele peke yangu: mawimbi yalitokea safi kwenye skrini, na kidude hakikula umeme hata chembe!

Jumapili, kanisani kwetu Etobicoke, bingwa mimi nikatoa ushuhuda. Mama Neema, kiongozi wa kwaya, akalia kwa furaha. Jumatatu akaja maabara na sufuria ya pilau, akamkuta profesa wangu anakagua.

Profesa alifuata waya kwa kidole, akatabasamu, kisha akakinyanyua kidude na kukiweka kiganjani. Mawimbi yakaendelea kucheza. Kumbe Alhamisi, nikiandaa mitambo, niliuchomeka waya unaoleta mawimbi moja kwa moja kwenye skrini, nikasahau kuupitisha kwenye kidude.

Nikawa natafuta pa kuficha uso, Mama Neema akapiga vigelegele: “Bwana asifiwe! Hata kikitolewa kinafanya kazi!”