Darubini Kubwa na Shabaha ya Jirani

Niliacha shule mapema, lakini kwa video za bunduki nilizotazama nilijiona profesa. Ndiyo maana sikumsikiliza Mzee Nestori, Mrundi ninayefanya naye kazi ghalani huku ughaibuni, mtaa wa Ingleburn, aliyeniingiza kwenye klabu ya kulenga shabaha. Nilipopata bunduki ya mtumba kwa vijisenti vyangu, aliniambia, "Mwanangu, usibadilishe kitu. Nunua risasi, fanya mazoezi."

Nikanunua darubini ya kufunga juu ya bunduki, kubwa kuliko zote dukani.

Jumamosi asubuhi, siku ya mashindano, tulilala kifudifudi, yeye njia ya nne, mimi ya tano, kila mmoja na shabaha yake mbele. Macho yake yamedhoofika siku hizi, na klabu ilishamwambia kwamba akikosa alama safari hii anatoka kwenye timu. Darubini yangu ilivuta shabaha karibu mno, ikajaa kiooni, hata namba ya njia sikuiona. Nilipiga risasi zangu kumi kwa utulivu, naye akapiga zake kumi. Niliona matundu mengi kuliko risasi nilizopiga, nikazidi kuisifu darubini.

Mwamuzi alirudi na kadi zetu mbili za shabaha. Yangu ilikuwa safi, haijaguswa. Ya Mzee ilikuwa na matundu ishirini.

"Njia ya tano," akaniuliza, "ulikuwa unampigia nani?"

Watu walicheka. Mzee hakucheka. Alivua miwani, akaifuta taratibu kwa pindo la shati.

"Mwanangu," akasema, "mimi nilikuwa hapo naona matundu yamejaa kwenye shabaha yangu, namshukuru Mungu kwamba macho yamepona."