Rula na Ugonjwa Uliodhaniwa Uzee

Mchora mabango huyu walimpachika jina la Rula kwa kuwa hakuwahi kutumia rula. Alisimama mbele ya ukuta mtupu, akashusha pumzi, na mstari ukanyooka. Kwa miaka thelathini maduka ya mtaa mzima yalibeba mwandiko wake.

Alipogonga miaka sitini na moja, hatua zake zikawa fupi, na mkono wa kulia ukaacha kupunga anapotembea.

"Umri huo, jirani," kinyozi alimwambia. "Mimi nikiinama kuokota kitana, kwanza naaga."

Wakacheka. Rula akaridhika. Magoti yalimuuma, miwani aliisahau kila mahali; vyote vya rika lake.

Mkewe ndiye aliyeingiwa na wasiwasi. Siku moja kopo la tapentaini ya kuzimulia rangi lilipinduka chini ya meza, chumba kikanuka mpaka machozi yakamtoka. Mumewe akaendelea kunywa chai.

"Husikii harufu?"

"Ya nini?"

Mkewe akamsihi waende hospitali; Rula hakutaka kusikia. Miezi minane ikapita. Kisha akaandika bango la duka la dawa: herufi za mwanzo kubwa kama sahani, za mwisho kama punje za mtama. Mwenye duka akauliza kwa upole, "Fundi, nafasi ilikuishia?" Nafasi ilibaki mita nzima. Rula mwenyewe akaomba apelekwe.

Daktari, msichana wa umri wa mwanawe, alimwambia aandike, agonganishe vidole, atembee ukumbini.

"Uzee hauchagui upande, baba. Huu umeanzia mkono mmoja, mwandiko unasinyaa, na mkeo anasema husikii harufu. Ni Parkinson, ugonjwa wa ubongo."

"Mbona sitetemeki?"

"Si wote wanaoanza kwa kutetemeka."

"Nitapona?"

"Dawa zitakupa nafuu kwa muda. Kupona, hapana."

Nafuu ilidumu mwaka na nusu. Akachora mabango manne, kisha mkono ukakataa kabisa. Sauti ikafifia, uso ukakakamaa. Wajukuu wakadhani babu amenuna, wakaacha kumkaribia.

Asubuhi moja mkewe, akimfunga vifungo vya shati, alimsimulia jinsi alivyokwenda sokoni amevaa viatu visivyofanana. Alipomaliza akamtazama. Uso haukutikisika.

"Nimekuudhi?"

Midomo ilichukua muda kufunguka.

"Nacheka," Rula akanong'ona.

Mkewe akakifunga kifungo cha mwisho, akaenda jikoni kulia.