Ubavu wa Kulia

Kaka yangu alikuwa na duka la vipuri vya magari maeneo ya Gerezani, chumba chembamba chenye harufu ya girisi. Mimi nauza kanga Kariakoo, na kila adhuhuri nilimpelekea chakula, maana bila mimi angeshindia soda na mihogo ya kukaanga. Mkewe alishafariki. Wa kumgombeza nilibaki mimi.

Siku hiyo nilikuta watu wamejaa mlangoni. Nikapenya nikamwona: wamemkalisha juu ya tairi, kichwa kimeanguka kifuani, na mzee wa duka la jirani anammiminia maji mdomoni. Maji yalikuwa yanarudi nje. Alikuwa anakoroma, mkoromo mbaya wa mtu anayekabwa.

"Kaanguka tu ghafla, mwanangu," mzee akaniambia. "Tumemwinua akae."

Kwetu mtu akizimia haachwi chini. Anakalishwa, anapepewa, ananyweshwa. Nami ningefanya hivyo hivyo kama kikundi chetu cha kina mama kisingeletewa muuguzi wa kutufundisha: asiyejitambua usimnyweshe kitu, mlaze ubavu ulimi usizibe pumzi. Tulicheka sana siku ile, tukigeuzana kwenye mkeka.

"Shikamoo mzee. Naomba uache maji, tumlaze."

"Marahaba. Ukimlaza huyu anaondoka."

Sikubishana. Nilimshika kaka kwapani nikamshusha, fundi mmoja akanisaidia miguu. Nikamtuma fundi huyo akimbie barabarani alete bajaji. Nikamgeuza kaka ubavu wa kulia, kwa sababu kushoto palizibwa na injini kuukuu, nikakunja goti lake, nikainua kidevu. Maji yakamtoka, na matapishi kidogo. Mkoromo ukakatika. Nikaweka shavu langu puani kwake nikahisi pumzi, nyepesi, lakini inakuja na kwenda. Nilifurahi jamani, sijawahi kufurahi vile.

Nikainua kichwa. Waliokuwa wanapepea wameacha. Mzee amepiga magoti karibu na sikio la kaka, anamtamkia shahada polepole, machozi yanamtiririka. Ndipo nikaelewa nimewaonyesha nini. Ubavu wa kulia, uso kaskazini: ndivyo tunavyomwelekeza kibla mtu anayekata roho, na ndivyo tunavyomlaza kaburini. Waliona dada mtu ameshakata tamaa, na nani atabishana na dada mtu?

"Anapumua," nikasema. "Huyu anapumua. Bajaji iko wapi?"

"Tulia dada," mmoja wao akaniambia. " Mwache aende kwa amani."

Bajaji ilikuja. Niliisikia ikinguruma nje. Mtu aliyesimama mlangoni akamwambia dereva, kwa sauti ya huruma kabisa, "Ameshatutoka, ndugu yangu." Dereva akatoa pole. Nani apakie maiti kwenye bajaji? Akageuza akaenda zake. Nilipiga kelele, nikatukana matusi ambayo sikujua ninayo, na wao wakanishika mikono wakidhani ni uchungu wa kufiwa. Wakanivuta pembeni. Kidevu chake kikaanguka tena.

Waliamini alipokohoa. Hapo ndipo wakahangaika, kila mtu anaita, kila mtu anakimbia, hadi ikapatikana pikapu ya kubebea mizigo. Tulikwama kwenye foleni huku nimempakata, namwita kwa jina alilokuwa akiitwa na mama. Alifika hospitali akiwa na pumzi. Daktari akauliza kwa nini tumechelewa kumleta. Alikufa kabla ya alasiri.

Msibani yule mzee alinifuata akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Alimpenda kaka, sina shaka na hilo, na labda ndiyo maana siwezi hata kumchukia vizuri.

"Mshukuru Mungu, mwanangu. Ulimuwahi. Ulimlaza mwenyewe akaelekea kibla, ni wachache wanaopata ndugu kama wewe."

Shangazi akaitikia, na kina mama mkekani wakaitikia pia. Hadi leo wanalisimulia hilo kwa sifa, jinsi nilivyotambua mapema kuliko wote kwamba kaka yangu anakufa. Nimechoka kuwaambia kwamba pale dukani mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba anaishi.