Mama Chekeche na Magugu ya Bwawani

Mimi nilikuwa mtu wa ndani, yeye alikuwa mtu wa nje. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye chumba cha mitambo mbele ya ukuta wa mita, kutazama mishale na kuandika namba kila baada ya nusu saa. Ndiyo maana wenzangu waliniita Bwana Saa. Yeye alisimama juu ya daraja la zege, mita mia mbili kutoka kwangu, pale maji ya bwawa yanapoingia kwenye bomba kubwa linaloshuka hadi kwenye mitambo. Mdomoni mwa bomba hilo kuna ukuta wa nondo nene, sisi tunauita chekeche. Maji hupita, takataka hubaki, zisije zikavunja mapanga ya mtambo. Na zikibaki, lazima mtu azitoe. Mtu huyo alikuwa yeye, na kwa miaka kumi na minane sikumsikia mtu kazini akimwita kwa jina jingine ila Mama Chekeche.

Alikuja kama kibarua wa miezi mitatu, kushika nafasi ya mwanamume aliyeugua. Msimamizi wa wakati ule alimtazama kuanzia kilemba hadi kandambili, akamwambia reki ile mwanamke haiwezi. Ilikuwa reki ya chuma, mpini wake mrefu kuliko nguzo ya goli. Mama Chekeche aliichukua, akaizamisha, akaikwangua juu ya nondo kutoka chini hadi juu, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa ametoa toroli kumi na nne za uchafu. Yule mwanamume alipopona alitafuta kazi nyingine, na Mama Chekeche akabaki.

Alitoa kila kitu kwenye maji yale: matawi, chupa, viatu visivyo na wenzake, na siku moja kiti kizima cha ofisi, chenye magurudumu.

"Sasa aliyekalia hiki yuko wapi?" akatuuliza.

Tulicheka kutwa, ila sikumwona hata mmoja wetu aliyechungulia majini mara ya pili.

Mumewe alikuwa fundi cherehani mwenye kibanda karibu na soko. Alikuwa na cherehani ya umeme aliyoipenda kama mboni ya jicho. Umeme wa kituo chetu ndio uliolisha mji ule na vitongoji vyake, kwa hiyo chekeche likiziba, maji hupungua kwenye bomba, mitambo hulegea, na cherehani ya Fundi husimama. Alikuwa akimtania mkewe jioni mbele ya wageni: "Leo gauni la bibi harusi limekatikia kiunoni. Nimemwambia asinilaumu mimi, amlaumu mke wangu."

"Na ulipokuwa unashona kwa mguu ulikuwa unamlaumu nani?" mkewe humjibu.

Walikaa nyumba moja na mama yake Fundi, bibi mwenye ulimi mkali na moyo laini, aliyekuwa akisema mwanawe kaoa mkata majani asiye na ng'ombe. Lakini ni bibi huyohuyo aliyemkanda mkwewe mgongo kwa maji ya moto kila Jumamosi, akinung'unika na kukanda, akikanda na kunung'unika.

Basi ukaja mwaka wa mvua mbili kubwa, na mvua ikaleta magugu ya maji. Ni mmea mzuri ukiutazama: majani mapana yanayong'aa, maua ya zambarau. Unaelea bila mizizi kugusa ardhi, na unazaana kama umetumwa. Ulishuka kutoka juu ya mto vipande vipande, kila kipande kama mkeka, kisha kama uwanja. Mama Chekeche alikuwa akisafisha upande wa kulia, upande wa kushoto unaziba. Akiupata wa kushoto, wa kulia umeshajaa.

Mimi nilikuwa nikiliona hilo kwenye mshale. Kituo chetu kilikuwa cha megawati nane siku njema. Wiki ile mshale ulishuka hadi sita, ukashuka hadi nne na nusu. Mji ukaanza kuzimiwa kwa zamu, mtaa huu asubuhi, mtaa ule mchana. Meneja akaongeza vibarua sita. Kulikuwa na mashine ya kusafisha chekeche iliyoagizwa kutoka ng'ambo, lakini mwezi wa tisa tangu iagizwe ulikuwa unaisha nayo iko njiani, na karatasi zake zinazunguka ofisi kwa ofisi.

Siku moja, saa saba mchana, nilipeleka chai kule darajani nikamkuta ameketi juu ya toroli iliyopinduliwa, chakula hajakigusa, anatazama ng'ambo ya bwawa.

"Kaka, unauona ule mti?" akaniuliza.

Niliuona. Ulikuwa mti mkubwa ulioanguka na mafuriko, shina lake limelala majini, upande mmoja umeshikwa na mizizi ukingoni.

"Yaangalie magugu yakifika pale."

Nilitazama. Mkeka wa magugu ulikuja na mkondo, ukagonga shina, halafu haukusimama. Ukateleza taratibu kulifuata shina mpaka ukaingia kwenye kijighuba cha matope ukingoni. Ukakaa huko. Mwingine ukaja, ukafanya vilevile.

"Ule mti hauna reki," alisema, "wala hauumwi mgongo."

Jioni ile ile aliingia ofisini kwa Meneja, nami nilikuwemo nikipeleka taarifa ya siku. Meneja alikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi, msomi, mtu wa haki ila mwepesi wa hasira. Mama Chekeche akamweleza: afungiwe kamba nene kutoka ng'ambo hii hadi ng'ambo ile, mbele ya chekeche, yafungwe madumu matupu ya kuifanya ielee, magugu yazuiwe huko huko mbali.

"Mama, wahandisi wanaliumizia kichwa jambo hili, wewe unaniletea madumu?"

"Bosi, wahandisi linawaumiza kichwa. Mimi linaniumiza mgongo."

Meneja alicheka, na kicheko kile ndicho kilichompa ruhusa. Kwa siku tatu vibarua walifunga madumu themanini kwenye kamba ya nailoni, wakaivusha bwawa kwa mtumbwi na kuikaza. Ilipendeza macho, mstari wa njano umekatiza maji, umenyooka kama rula. Magugu yakafika, yakasimama. Chekeche likabaki safi asubuhi nzima. Nilimpigia simu Fundi kibandani nikamwambia ashone bila wasiwasi.

Lakini magugu yaliyosimama hayakuwa na pa kwenda. Yalirundikana katikati ya kamba, mengine yakaja nyuma yao, mengine tena, mkondo ukisukuma. Siku ya pili, saa nne asubuhi, kamba ikakatika kwa mlio niliousikia nikiwa ndani. Lundo la siku nzima lilikuja kwa pamoja, likalipiga chekeche na kulifunika lote. Mshale wangu ulianguka kama aliyeteleza ngazini. Kengele zikalia, mitambo yote miwili ikajizima yenyewe kwa usalama, na mji mzima ukawa kimya.

Ilituchukua hadi alasiri kuwasha tena. Meneja alimfuata darajani, shati limelowa jasho, akamfokea mbele ya vibarua wote. "Nani mwingine ana wazo? Semeni sasa, nizime na nchi nzima!" Mama Chekeche alikuwa ameshika reki, anavuta, anamwaga, anavuta tena, na machozi yalikuwa yakimtoka bila kuyafuta kwa kuwa mikono yote ilikuwa na kazi.

Yaliyotokea nyumbani alinisimulia mwenyewe baadaye. Alimwambia mumewe kesho haendi kazini. Fundi, ambaye siku hiyo alipoteza kazi ya mchana mzima, alikuwa akikata kitambaa. Hakumwambia aende wala asiende. Alimwita tu aje amshikie kitambaa.

"Unaona ninavyokata hapa?" akamwambia. "Kitambaa hiki ukikikata kwa kunyooka, kinakaza, mtu akiinama kinapasuka. Ukikikata kwa mshazari, kinamfuata mwili."

Mama Chekeche akaachia kitambaa.

"Mshazari," alisema.

"Ndiyo, mshazari. Mbona umeniachia, nimekosea mstari!"

"Ule mti umelala mshazari! Mimi nimefunga kamba imenyooka. Nimeyazuia magugu, sikuyapa njia."

Bibi, aliyekuwa akichambua mchele, alisema bila kuinua kichwa: "Wanasema vyaelea vimeundwa. Sijui hayo magugu aliyeyaunda ni nani, lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kesho utakwenda, na mgongo nitaukanda leo ingawa si Jumamosi."

Asubuhi alimkuta Meneja mlangoni. Naye Meneja hakuwa amelala vizuri. Kumfokea mtu aliyemzidi umri kulikuwa kumemsumbua usiku kucha. Akaanza yeye: "Mama, nisamehe kwa jana." Mama Chekeche akasema yamekwisha, halafu, kabla samahani haijapoa, akaomba kamba nyingine. Safari hii aliomba waya wa chuma, na mapipa badala ya madumu. Alichora chini kwa ncha ya fimbo: ncha moja ya waya ifungwe karibu na chekeche, upande wa kulia, ncha nyingine ifungwe mbali, mkondo unakotoka, ng'ambo ya kushoto, ili mstari ulale mshazari na magugu yateleze hadi kwenye ufuko wa kulia, ambako toroli inafika.

Meneja aliutazama mchoro ule kwa muda mrefu. Akaenda kuleta kitabu, akapiga hesabu za mkondo, akarudi akasema ncha ya juu isogezwe mita thelathini zaidi. "Wewe ndiye mwenye hesabu," alimjibu, "mimi nina macho tu." Walifanya hivyo, wote wawili wakiwa na matope hadi magotini.

Magugu yalikuja. Yakagusa mapipa, yakasita kidogo, nasi tukasita nayo. Halafu yakaanza kuteleza, pipa kwa pipa, kama abiria waliopanga foleni, mpaka ufukoni. Vibarua walipiga kelele. Mimi sikuona mwisho wake. Nilikimbia ndani kuutazama mshale. Ulikuwa tano. Adhuhuri ukawa sita na nusu. Siku ya tatu uligusa nane, na sikuuandika mpaka nilipogonga kioo kwa kidole kuhakikisha haukunata.

Baada ya miezi miwili mkaguzi alikuja kutoka makao makuu, akasimama darajani, akauliza ni mhandisi gani aliyebuni mstari ule. Meneja angeweza kunyamaza. Alinyoosha mkono kumwonyesha mwanamke mwenye gambuti, akasema, "Muulize huyo, mimi nilisogeza mita thelathini tu." Mkaguzi akadhani ni mzaha. Mama Chekeche aliulizwa maswali saa nzima, naye akajibu yote, mengine kwa kuchora chini.

Wakampandisha cheo, akawa msimamizi wa maji, mwenye watu wanne chini yake. Wakampeleka kwenye kituo kingine, safari ya siku nzima kwa gari la ofisi, akawafundishe. Bibi alimtengenezea chakula cha njiani cha kutosha watu sita, akawatangazia majirani kwamba serikali imekuja kumwazima mkwe wake na imeahidi kumrudisha. Ile mashine ya ng'ambo nayo ilifika mwishowe. Ni mashine nzuri, inakwangua chekeche mara mbili kwa siku, na mapipa bado yanaelea mbele yake, maana magugu hayakukoma.

Alistaafu mwaka juzi. Nami nimestaafu mwaka huu, na mwezi uliopita nilikwenda kumjulia hali. Fundi alinipokea kibarazani, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, cherehani ikiunguruma ndani.

"Shemeji yupo?" nikauliza.

"Yupo, amelala."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Anapenda tu. Kila siku baada ya chakula analala mpaka saa kumi, na anakoroma huyo! Miaka yote ile hakuujua usingizi wa mchana. Nimuamshe?"

Nilisikiliza. Kweli alikuwa akikoroma, taratibu na bila haraka, mkoromo wa mtu asiyesubiri kengele yoyote. Nikamwambia Fundi amwache. Nikampa mfuko wa machungwa niliomletea, tukaketi wawili tukaongea habari za watoto mpaka jua lilipopungua ukali, nikaaga.