Darasa la Sita Lililonishinda Kurudi

Nilifukuzwa kazi kwa sababu ya saa moja na nusu. Nilikuwa nikifundisha darasa la sita katika shule moja ya kambi ya wakimbizi ya Hagadera, mimi mtu wa bara niliyezoea baridi na viazi. Ramadhani ikaja pamoja na kiangazi. Ikifika saa tano mabati ya paa yalikuwa yakiwaka, na watoto waliofunga tangu alfajiri walilaza vichwa madawatini. Akina mama wakaniomba tuanze mara tu baada ya swala ya alfajiri, saa moja na nusu kabla ya kawaida, ili watoto wafike nyumbani kabla jua halijawa kali. Nikakubali bila kumwandikia meneja wa shule. Siku ya nne akaja kukagua, akakuta darasa tupu. Barua ilisema nimetoroka kazini. Nimetoroka nini, na somo la hesabu za sehemu nilikuwa nimelimaliza?

Nikikasirika huwa sishauriki. Nilipanga chumba mtaa wa Iftin, mjini Garissa, nikatafuta wakili, mzee mpole mwenyeji wa hapo. Alitaka tuombe nirudishwe kazini na, ikishindikana, nilipwe fidia. Nikakataa katakata. Niliogopa jaji angeona nimefuata hela, ilhali nilichotaka ni watoto wangu arobaini na mmoja na ubao wangu uliopasuka pembeni.

"Mwalimu, wewe acha mlango ya pili wazi," akaniambia.

Nikamjibu kwamba mmoja unanitosha.

Jaji akaamuru nirudishwe kwenye darasa lile lile, na siku hiyo hiyo nikanunua chaki za rangi. Wiki haikuisha kabla shirika lililoendesha shule halijakata rufaa, na amri ikasimamishwa mpaka rufaa isikilizwe. Muhula ukaisha, mwingine ukaanza. Niliwakumbuka watoto wale mno. Asubuhi nikichemsha chai nilijikuta naita rejista kimoyomoyo, kila mtoto kwa jina lake, la babake na la babu yake, jinsi wenyewe walivyonifunza. Nikisahau babu mmoja, nilianza upya.

Rufaa ikiwa bado inangoja, mradi ukafungwa. Shirika likaondoka, shule ikabomolewa, mabati yakabebwa kwa mikokoteni ya punda, na watoto wakagawanywa katika shule nyingine. Majaji wa rufaa walituita kwa mtandao, nami nikakaa ofisini kwa wakili mbele ya kompyuta yake. Hawakusema nilikosea, wala hawakusema nilikuwa na haki. Walisema shule haipo, kwa hivyo hakuna kilichobaki cha kuamua, na hata wakisema nirudishwe hakuna pa kunirudisha. Laiti ningeomba fidia, wangekuwa na jambo la kusikiliza. Yote yalichukua kama dakika kumi. Wakili akaniagizia chai ya maziwa ya ngamia na hakutaja neno juu ya ule ushauri wake. Afadhali angenigombeza.

Mwezi uliofuata nilipanda basi kwenda Hagadera, bila shughuli yoyote ya maana. Sokoni niliitwa na msichana aliyekuwa akiuza anjera, ile mikate laini ya Kisomali. Alikuwa mwanafunzi wangu, yule wa dawati la mbele ambaye hakuchelewa hata siku moja katika zile siku za alfajiri. Alikuwa amerefuka, na shule alikuwa ameacha. Tulijuliana hali, kisha akaniuliza kama nilishinda kesi. Nikasema ndiyo, kwa kuwa jaji wa kwanza alinipa haki yangu, na sikujua nianzie wapi kumweleza mengine.

Akanifungia anjera kwenye gazeti, taratibu, bila kuniangalia.

"Sisi pia tulisikia umeshinda," akasema. "Tulifagia darasa, tukakungoja wiki mzima. Halafu tukasema, basi, Mwalimu amepata watoto wengine."