Siku Shule Ilipopika Togwa

Nakumbuka asubuhi niliyomrudisha Bibi Komba na debe lake la mahindi kichwani, na mpaka leo nikiikumbuka naona haya. Wewe mwanangu umekuja kuniaga, umepewa shule ya kuongoza huko Lusewa, na neno la kwanza uliloniuliza ni namna ya kuwabana wazazi wachangie. Kunywa chai yako kwanza. Nitakusimulia jambo ambalo mikutanoni huwa silisemi.

Nilikuwa mwalimu mkuu mpya wa shule ya msingi kijijini kwetu, njia ya kwenda Peramiho, bado kijana na nikijiona nimefika. Upepo ulikuwa umeezua madarasa mawili. Nikaenda mjini Songea kuomba mabati, kama walionitangulia walivyokuwa wakiomba na kupewa. Afisa aliyenipokea alikuwa mtu mpole, tena alinionea huruma. Akaniambia, "Mwalimu, mambo yamebadilika. Siku hizi ni kuchangia. Rudi ukaongee na wazazi." Ndiyo ilikuwa miaka ile ya ruksa, mitumba imejaa sokoni, redio zinalia kila duka, na kila kitu kimepata bei, hata vile tulivyozoea kupewa bure.

Haikupita muda mkaguzi akaja. Akatazama yale madarasa yaliyo wazi, akasema yasipoezekwa kabla ya mvua shule itafungwa na watoto watahamia ng'ambo ya mto. Mwanangu, mto ule mvua zikishika, mtu mzima alikuwa anasimama ukingoni na kusali kwanza. Watoto wa darasa la kwanza wangeuvukaje? Nilijua wengi wangebaki nyumbani, na wangebaki moja kwa moja.

Basi nikapanga mchango, fedha taslimu. Walioleta wakawa wachache. Nikafanya nilichosikia wenzangu wanafanya: paredi ya asubuhi nikawatenga wasiolipa, nikawarudisha makwao. "Msirudi bila hela!" Nilisema kwa sauti kubwa, nikajiona jasiri kweli. Hebu nicheke kidogo. Naokoa shule kwa kuimalizia watoto!

Kesho yake ndipo akaja Bibi Komba, mjane aliyekuwa anamlea mjukuu wake Akwinata, mmoja wa wale niliowafukuza. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akatua debe mlangoni.

"Nimeleta ya Akwinata," akasema.

"Bibi, hii ofisi, siyo ghala. Uza kwanza, ulete hela."

"Nimuuzie nani? Ushirika haujaja kununua tangu mwaka jana. Na wenye malori hawasimami kwa debe moja."

"Hilo sasa siyo langu, bibi."

Akaokota ngata yake, akaiweka kichwani taratibu, akanyanyua debe bila kuomba msaada, nami wala sikuinuka. Kisha akanigeukia.

"Mwalimu, wewe mtoto wa hapa hapa. Mama yako alipotaka kulimiwa alifanyaje? Alipika togwa, akapita nyumba kwa nyumba akatualika ngokela, na sisi tukaenda na majembe yetu, tukamlimia shamba lote siku moja tunaimba. Wewe una shida kubwa kuliko shamba la mama yako, na hujamwalika mtu. Umetuletea watoto wetu wanalia. Nani alikufundisha kuomba kwa kufukuza?"

Akaondoka. Nilipandwa na hasira, sikufichi, hasira zangu unazijua. Nikawafokea hata walimu wenzangu. Lakini kufika mchana hasira imekwisha, imebaki aibu tupu, maana yule bibi alimjua mama yangu na hakuongopa hata neno moja. Nikatuma habari watoto wote warudi, waliotoa na wasiotoa. Jioni nikaenda kwake mwenyewe. Nikapiga magoti, nikamwambia, "Bibi, nisamehe. Nifundishe."

"Ulezi unao?" akauliza.

Tukauotesha ulezi uwe kimea, tukapika togwa mapipa manne. Siku zile nilipita kila mlango kwa miguu yangu. Sikuandika barua, sikutuma mwanafunzi. Nilibisha hodi nikasema shule inawaalika ngokela Jumamosi, njooni na mahindi mliyo nayo, hata kama yangali na magunzi, tutapukuchua pamoja. Baba mmoja alinisema vibaya kwa ajili ya mwanawe, nikapokea. Nilistahili.

Jumamosi alfajiri uwanja ulikuwa mtupu. Mimi, Bibi Komba na mapipa yetu. Nikawaza kwamba nimejiaibisha mara mbili. Mara nikasikia wimbo upande wa bondeni, wa kinamama, halafu mwingine ukajibu upande wa kanisani. Walikuja, mwanangu! Wenye magunia, wenye debe, na kikongwe mmoja mwenye bakuli tu. Tulipukuchua tukiimba. Wanaume walinung'unika kidogo, walitaka komoni, nikawaambia shuleni pombe haiingii, wakanywa togwa na wakaongeza. Kufika jioni magunia yalikuwa yamepangwa hadi usawa wa madirisha.

Habari za mzigo mkubwa zilifika mjini, na Jumatatu mfanyabiashara mmoja akaja na lori lake. Alitoboa gunia moja, akatia mahindi kiganjani, akakunja uso. "Yana vumbi haya. Nitawapa nusu bei."

Bibi Komba akakaa juu ya magunia. "Nenda salama, baba. Vumbi letu tutasonga ugali."

Uwanja mzima ukacheka. Yule bwana akazunguka lori lake mara mbili, akarudi akatoa bei nzima. Wiki ile ile mabati yalifika, na watu walewale wakapanda juu kuezeka. Mvua ya kwanza ilinikuta nafundisha hesabu. Kelele za bati zilinizidi sauti, watoto wakapiga makofi, nami nikaweka chaki chini nikalia kwa furaha mbele yao wote. Mkaguzi aliporudi alitazama juu, akaandika kwenye kitabu chake, kisha akaulizia ile togwa aliyoisikia. Ilikuwa imekwisha siku nyingi.

Sasa sikiliza. Serikali idai, usichoke kuidai, hiyo ni kazi yake. Lakini shida ya shule ikikufika, usimpe mtoto aibebe yeye. Nenda mwenyewe kwa mzazi, mweleze, mwalike, na pokea alicho nacho, si kile unachotaka wewe awe nacho. Watu hawakosi moyo wa kutoa. Wanachokosa mara nyingi ni mtu wa kuwabishia hodi kwa heshima.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie Lusewa, ajaze madarasa yako. Akupe watu wa kukukemea mapema, na akupe masikio ya kuwasikia jioni ya siku ile ile.