Soja Aliyeniibia Vioo

Nikikumbuka asubuhi ile natamani kujizaba kofi, tena mbele ya watu. Jana yake nilikuwa nimeleta nyumbani gari yangu ya kwanza, ka-Vitz kadogo ka mtumba kutoka yadi moja ya Thika. Wiki hiyo hiyo jirani alikuwa ameibiwa vioo vya pembeni. Sasa nachungulia kutoka balkoni, orofa ya tatu, naona gari yangu haina vioo, upande huu wala ule!

"Wafula!" nikamfokea soja wetu wa geti. "Umeuza vioo vyangu!"

"Bosi, shuka kwanza uangalie."

"Nishuke kuangalia nini? Mwizi wewe! Vua hiyo yunifomu!"

Mtaa wetu mzima wa Membley ukatoka nje. Wafula akavua koti, akalikunja polepole, akaliweka kwenye kiti chake. Mimi ghadhabu imenipanda, namtikisia funguo ya gari: "Kazi yako ni kulinda ama kuuza?"

Kidole changu kikabonyeza kitufe. Gari ikalia pip, na vioo vyote viwili, vilivyokuwa vimejikunja vyenyewe nilipofunga milango, vikafunguka kama masikio ya sungura.

Wafula akainua macho.

"Bosi, sasa nivae?"